Angojavyo Hondohondo

Restuta ni jirani yangu hapa Chapwa, mtaa wa mpakani, na tunasali jumuiya moja. Mumewe, Jastin, anaendesha lori la kwenda Kongo. Safari hii simu yake ilikuwa haipatikani wiki tatu, na Restuta akawa anashinda getini, shingo kaielekeza barabarani, chakula hagusi.

Jumapili baada ya misa Sista Lisi, muuguzi aliyetoka Kerala kule India, alipita akamwona.

"Restuta, kwetu tungesema unangoja kama vezhambal."

"Ndiyo nini, Sista?"

"Ni hondohondo. Kwa Kimalayalam, mtu anayengoja kwa kiu ya moyo tunamfananisha naye. Ndege huyo hanywi mtoni wala kisimani. Anainua mdomo juu, anangoja mvua tu."

"Isiponyesha si anunue soda!" nikatania. Sista alicheka. Restuta hakucheka.

"Kwa nini hanywi mtoni?"

"Wazee wanasimulia kwamba zamani alikuwa mtu. Mwenye kiu alimwendea kuomba maji, akamnyima. Ni hadithi tu, mwanangu."

Restuta akashika nguzo ya geti.

"Mama Angel," akaniita, "mimi nimenyima."

Akatueleza. Wiki iliyopita, jua la saa saba, alikuja Fides, yule anayewapikia madereva kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Aliomba maji.

"Nikajua ni kimada wake, amekuja kunichungulia. Nikamwambia, kwa Jastin hakuna maji yako, rudi ulikotoka. Nikafunga. Akagonga tena, akaniita jina langu. Sikufungua."

Sista aliuliza polepole, "Alitoka Nakonde kufuata maji tu?"

Restuta aliingia ndani, akatoka na kanga yake.

Siku ileile nikavuka mpaka na Restuta. Nilikuwa nasali rozari kimoyomoyo, maana hadithi ya ndege siiamini, lakini moyo ulikuwa mzito. Tulipita foleni ndefu ya malori. Madereva wale siku zote humpigia kelele, "Shemeji, umetuletea nini?" Leo mmoja alimwona akazima redio. Mwingine akajifanya anakagua tairi.

Fides alikuwa anasugua sufuria. Nilitamani atutukane. Hakututukana. Alifuta mikono, akasogeza kiti.

"Mama Witness," akamwambia Restuta, "kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

Fides hakumtazama tena. Alinigeukia mimi.

"Dada," akasema, "mshike."