Nilisema nimeifunga kompyuta, ukweni wakasikia uchawi

Admin naomba unifiche sana, maana wifi yangu anaifuata page hii na hakuna kisa kinachompita bila kukomenti. Majina nimebadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, Msukuma wa Tinde, nimeolewa Buseresere na tuna mapacha, Kulwa na Doto. Mume wangu ni mchimbaji wa dhahabu, yuko maduarani, kwenye mashimo huko Geita, nyumbani anakuja akipata nafasi. Mimi nina steshenari ndogo barabarani, nachapa barua na mitihani ya shule, natoa kopi. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiteleza mnisamehe.

Chanzo ni kompyuta. Yenyewe ni ile ya chogo, yenye kioo kilichotuna kwa nyuma, kongwe kuliko ndoa yangu, na ina visirani vyake. Unaiwasha, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi, halafu inalia tii, tii. Siku ikikubali kuwaka, programu zinafunguka kwa kudeka. Lakini mimi nimeizoea. Barabara yetu ina vumbi, na vumbi likiingia ndani, kile kibao kidogo wanachokiita ramu kinashindwa kugusa vizuri. Nachomoa waya wa umeme, nafungua ubavu, nakitoa kile kibao, nasugua meno yake ya njano kwa kifutio cha penseli cha watoto, narudishia. Inawaka. Mume wangu ameniona nikifanya hivyo mara nyingi, tena ameshawahi kunishikia tochi.

Mama yangu alipougua nikaenda Tinde kumuuguza, duka nikamwachia wifi. Haikupita muda akapiga simu kwamba mashine haiwaki, kamleta fundi wa simu kaigusagusa kasema imekufa. Niko wodini, mama anatapika, mkono mmoja nimeshika beseni. Nikamjibu kwa mkato: "Wifi, mimi niliifunga vizuri mwenyewe. Acheni kuihangaisha, itafunguka nikirudi."

Nilichomaanisha ni kwamba nilifunga programu zote nikaizima inavyotakiwa, siyo kung'oa waya ukutani kama anavyofanya yeye. Sikujua kwamba kaweka spika na mama mkwe yuko pembeni anamenya mihogo. Na huku kwetu mnajua mtu akisema amefunga kitu anaeleweka vipi. Mvua inafungwa, kizazi kinafungwa, biashara inafungwa. Sasa na kompyuta nayo imefungwa, na aliyeifunga kakiri mwenyewe kwenye simu.

Narudi, nakuta nyumba imebadilika. Nampa mama mkwe shikamoo, anatazama ukuta. Mayu, mama huyu huyu niliyemuuguza mguu mwaka mzima bila kunung'unika. Wifi anaficha sahani yake nikipita jikoni. Jirani yangu anayeuza vitenge ndiye aliyeninong'oneza kwamba nasemwa mimi ni mchawi, nimeifunga mashine ili wifi asipate chochote nikiwa safarini. Ndugu zangu, kwa upande huu hilo si neno la kutaniana. Kuna wanawake wamekatwa mapanga kwa sababu ya neno hilo. Niliogopa kwanza, kisha hasira ikanipanda mpaka nikashindwa kula.

Mume wangu naye alikuwa amekuja kwa ajili ya maneno hayo hayo. Nikawaita wote dukani mchana kweupe, nikawaambia tazameni kwa macho yenu. Nikafungua ubavu, nikawaonesha vumbi, nikatoa ramu, nikaisugua kwa kifutio cha Doto, nikarudishia, nikabonyeza. Ikawaka, hata haikulia. Nikageuka nikitegemea kuona aibu kwenye nyuso zao.

Mama mkwe akamwambia mwanawe taratibu, "Umeona, baba? Fundi kahangaika nayo mpaka kachoka. Huyu kaipapasa tu, imemtii."

Nikamtazama mume wangu. Angesema tu kwamba ni vumbi, na kwamba yeye mwenyewe alishanishikia tochi. Mwanaume mzima akainamisha kichwa akaanza kuchokonoa kucha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ya mama yake, kwa sababu mama yake hajui na yeye anajua.

Ukoo ukakaa bila mimi. Wameamua nipelekwe kwa mganga ninyweshwe dawa, nikiri mbele ya watu kwamba nilifunga na sasa nimefungua. Mume wangu ananiambia nikubali tu yaishe. Yaishe vipi? Nikikiri, siku ng'ombe wa jirani akifa wataanzia wapi kama si mlangoni kwangu? Na wanangu wataitwaje shuleni?

Juzi akaniita uani, hakuna mtu, anaongea kwa sauti ya chini. Moyoni nikasema leo ananiomba msamaha. Akaniambia, "Mama Kulwa, mimi sitamwambia mtu. Lile duara letu tumechimba mpaka tumekonda, ni mawe matupu. Huwezi kulifungua na lenyewe?"

Nilimtukana, sifichi. Nilimwambia mimi sifungi wala sifungui, ni kifutio cha mtoto kinachouzwa kila duka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Jana asubuhi kaondoka kurudi Geita. Doto anajiandaa kwenda shule, anatafuta kifutio chake hakioni. Baba yake kaondoka nacho.

Nishaurini ndugu zangu, ila asiniambie mtu nivumilie. Nikinywa dawa yao nimekiri, nikikataa wanasema mchawi anaogopa dawa. Nichukue wanangu nirudi Tinde, au nibaki nipigane hapa hapa? Na nikibaki, siku duara likitoa dhahabu nitajiteteaje? Nifanye nini?