Mrusi Aliyenifunga Kila Alkhamisi

Mama mkwe wangu alinifunga goli kabla hajaniozesha mwanawe.

Goli la kweli jamani, si mafumbo. Na lilipita katikati ya miguu yangu, watu wanatazama.

Tulieni niwasimulie, maana mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Naitwa Kheiria. Sisi ni Waomani wa Zanzibar, kwetu mtaa wa Darsait. Mwaka tisini na nane nilikuwa msichana wa wizarani, karani, na kila Alkhamisi asubuhi, siku yetu ya mapumziko, nilikuwa kipa wa hoki ya barafuni.

Ndiyo. Barafuni. Muscat.

Nje jua linapasua kichwa, ndani ya ule uwanja mtu anatoa moshi mdomoni. Asubuhi ile wanaume hawaingii, ni sisi wanawake watupu: Wakanada, wauguzi wa Kifilipino, na Waomani wachache wenye vichwa vigumu. Tunavaa viatu vyenye makali chini, tunashika magongo, tunagombania kisahani cheusi cha mpira mzito, wenyewe wanakiita paki. Kikikupata pasipo na kinga utamwita mama yako.

Mimi nilikwenda kumtazama tu shoga yangu Hamdiya akicheza. Kipa akaumia, wakanivisha mimi, kwa sababu nilikuwa mnene na goli linajaa. Siku ile nilizuia paki kwa kifua, kwa goti, na moja kwa makalio. Basi tena, pale golini sikutaka kutoka.

Tatizo lilikuwa harufu.

Asikudanganye mtu, vifaa vya kipa vinanuka. Jasho likikauka mle ndani, wiki ya pili ni beberu mtupu. Mimi nikafanya kama nilivyolelewa. Nikawasha chetezo, nikatia bukhuri ya mama, nikafukiza kila kitu: glavu, kinga za miguu, mpaka kofia.

Na bukhuri ya mama huipati dukani. Anaipika mwenyewe, na vilivyomo hamwambii mtu.

"Wewe," Hamdiya akaniambia, "mtu akikaribia goli lako anatamani apige vigelegele badala ya paki."

Sasa, alikuwepo mmoja tukimwita Mrusi. Anafika keshavaa kila kitu, wavu wa chuma usoni, anacheza, anaondoka vile vile. Hasemi na mtu. Akikasirika tu ndiyo utasikia Kirusi, tena kizito. Tukajiambia huyu mke wa injinia fulani.

Mwanamke yule alinitesa! Kila Alkhamisi lazima anifunge, na akishanifunga ananigonga na gongo lake kwenye kinga ya mguu, taratibu, kama anabembeleza mtoto. Nilimchukia.

Ndipo ikaja posa.

Kijana anaitwa Ghaith, tulijuana kazini. Mpole, mcheshi, akicheka macho yanapotea. Nilimtaka, sifichi. Nilimtaka sana. Kwao Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa wenye nazo, na mama yake ni Bi Shaikha, daktari wa meno, mkali anayejulikana mji mzima. Watu walisema kasoma Ulaya. Mama yangu akaamua ni London.

Mama akaniweka kitako.

"Kheiria, wale watu wakubwa. Wakisikia unapigana vijiti kwenye barafu, posa imekufa. Nna presha mie, usinitie kaburini."

"Mama, hoki ina aibu gani? Sote wanawake."

"Utakwenda kuwaeleza hayo? Chagua. Barafu au Ghaith."

Nikamuomba nimalizie mwezi. Akakubali shingo upande.

Siku ya siku Bi Shaikha akaingia. Nyumba imeshafukizwa toka asubuhi. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi, kisha akanijia moja kwa moja mimi. Kahawa hata hajaigusa.

Akanishika mikono, akaigeuza. Akapandisha mkono wa nguo yangu mpaka kwenye kiwiko, akatazama.

"Fungua mdomo."

Nikafungua! Ningefanya nini?

"Yako yote haya?"

"Yangu yote, Bi Shaikha."

"Simama. Kaa. Simama tena." Akatega sikio, anasikiliza magoti yangu. Mama kaduwaa na sinia la halua mkononi.

Wageni walipotaka kuondoka, mama akapitisha chetezo kama desturi. Bi Shaikha akauinamia ule moshi.

"Bukhuri hii naijua."

"Haiwezekani," mama akasema kwa fahari. "Yangu mwenyewe hii, haitoki nje ya nyumba."

"Inatoka," akajibu Bi Shaikha. Akaenda zake.

Alkhamisi nikaenda kumwaga roho yangu kwa Hamdiya, pale benchini, kwa Kiswahili chetu. Nani atatusikia? Wakanada wanafunga kamba, Mrusi kainamia viatu vyake.

"Shoga, yule si mkwe, ni mnunuzi! Kanikagua kama yuko Wattaya anatafuta gari. Taa kaangalia, tairi kaangalia. Kilichobakia kunifungua boneti!"

Hamdiya hoi kwa kicheko. "Na kilometa hakuuliza?"

"Aulize nini, na zake mwenyewe zimeshajaa, kizee yule!"

Mrusi akakohoa.

"Mafua," nikamwambia Hamdiya. "Barafu imemshinda Mrusi."

Siku ile alinipiga magoli mpaka mikono ikaniuma kuyaokota wavuni. Na lile gongo la mwisho kwenye mguu halikuwa la kubembeleza hata kidogo. Unafikiri nilishtuka? Wapi! Alkhamisi zilizofuata nikaendelea vile vile. Baibui lake nikalisema. Mwendo wake nikauigiza, mbele ya benchi zima, Wakanada wakacheka bila ya kujua wanacheka nini.

Ikafika Alkhamisi yangu ya mwisho.

Nilivaa nikilia. "Hamdiya, leo basi. Nampenda Ghaith, na bibi yule hawezi kumuoza mwanawe kwa kipa." Mrusi, aliyekuwa kaketi karibu yetu, akainuka akaingia barafuni.

Mchezo ukakaribia mwisho, tuko sare. Mara Mrusi huyo, kachomoka na paki peke yake, anakuja. Nikasema wallahi leo hupiti, hii ndiyo zawadi yangu ya kuagia. Akayumba kushoto, nikamfuata. Akayumba kulia, nikamfuata, miguu ikaachana, na paki ikapita katikati.

Nikakaa pale pale chini. Akanisogelea, akaniinamia, na ndani ya ule wavu wa chuma ikatoka sauti ya Unguja, safi kabisa:

"Boneti limefunguka, mwanangu."

Jamani. 

Akavua kofia. Mvi zimelowa jasho, na macho yale yale yaliyokuja kunitazama meno.

"Bi... Bi Shaikha?"

"Kizee wa kilometa nyingi. Inuka, utapata baridi ya mifupa."

Nilitamani barafu ipasuke inimeze. Hamdiya, mnafiki mkubwa, keshajificha nyuma ya Mkanada.

"Nisamehe mama yangu, mimi nilikuwa..."

"Nyamaza nkwambie. Nlisoma Moscow mie, theluji mpaka dirishani, ukibaki chumbani unalia kwenu. Wenzangu wakanfundisha hoki. Nafika hapa nimeshavaa kwa sababu nikijulikana napigana na magongo, nani atanfungulia mdomo wake?"

"Kwa hivyo ulikuwa ukisikia yote?"

"Kila neno. Lile la mwendo wangu ndilo lililoniuma."

"Na ulinijua lini?"

"Kipa mwenye kunukia bukhuri nnamjua siku nyingi, ila sura nliiona ndani ya kofia tu. Nlipoingia kwenu tu, pua ikanambia ni wewe. Nkataka hakika. Kiwiko kina chubuko, magoti yanalia. Meno yote yapo, nkasema huyu kipa kweli."

"Na Ghaith je? Akijua?"

"Unafikiri nani ananinolea viatu?"

Nikaanza kulia, kicheko na machozi pamoja.

"Khalas, sikiliza," akasema, na kidole kanielekezea. "Ukiacha hoki, posa naiondoa. Mkwe wa kukaa akanitazama simtaki, nna wengi wa kunitazama."

Nilipomweleza mama, akauliza, "Kumbe London nako wanacheza?"

"Moscow, mama."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Tukaoana, na golini nilibaki mpaka goti liliponisaliti mwaka elfu mbili na sita. Mama ndiye aliyekuja kuwa mfukizaji wa timu nzima. Tulipokwenda kucheza Abu Dhabi wenyeji walitunusa kabla hawajatuona, na kipa wao alipiga chafya tukafunga goli. Mimi nalihesabu.

Sasa funzo, mlichukue mkalale nalo. Muscat hii usimsengenye mtu kwa Kiswahili ukadhani umejificha. Muuza dhahabu anakijua, daktari anakijua, na Mrusi anakijua. Na kitu unachokipenda usikitupe kwa kuwaogopa watu hujawauliza. Mimi nilikuwa natupa hoki kwa ajili ya mwanamke ambaye kila wiki tunavuta naye pumzi mbele ya goli moja.

Jana nilimsomea Bi Shaikha simulizi hii, nimpe haki yake. Akasikiliza mpaka mwisho, miwani puani.

"Nzuri. Lakini mbona hukutaja nimekufunga magoli mangapi?"

Sitaji.