Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Pale maktaba ya chuo walimwita Mama Kurasa, na jina likamkaa. Kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa moja: kukata uti wa kitabu, kupitisha karatasi moja moja kwenye skana, kuhakiki namba za kurasa kwenye kompyuta, kisha kukiweka mtandaoni wasomi wa dunia nzima wakisome. Karatasi zenyewe zilikwenda kusagwa. Sharti lilikuwa kuhakiki kwanza, kusaga baadaye.

Siku moja tu, mwaka wake wa nane kazini, alitanguliza kusaga. Ilikuwa tasnifu ya mwalimu mmoja marehemu kuhusu nyimbo za kubembeleza watoto, nakala pekee ya maktaba. Alipokuja kuhakiki akakuta 111, halafu 113. Ukurasa wa watu ameusaga! Akasema moyoni, funika kombe mwanaharamu apite, akaiweka tasnifu mtandaoni hivyo hivyo na pengo lake.

Mwanaharamu hakupita. Mwaka wa tatu baada ya hapo makala moja ikanukuu tasnifu ile, "uk. 112": kwamba mama haimbi kwa sababu mtoto analia, bali kwa sababu mwenyewe anaogopa. Mama Kurasa alicheka kidogo. Wasomi nao, kwa kunakiliana hawajambo. Lakini ikaja makala ya pili, ya nne, ya tisa, kutoka vyuo visivyojuana, na kila moja ilinukuu sentensi tofauti ya ukurasa ule ule. Akazikusanya kwenye kadi kuukuu ya katalogi. Zilifuatana. Kila alipofungua faili alikuta 111, 113. Pengo lilikuwa pale pale, na watu walikuwa wanalisoma.

Mwezi wa kustaafu ulipokaribia, akaogopa kwenda nyumbani na dhambi ile. Ndipo asubuhi moja akaja binti wa yule marehemu, mwanamke wa makamo, mkoba kwapani. Mama Kurasa akamwaga yote kabla hajaulizwa.

"Nisamehe, mwanangu. Ukurasa wa mama yako niliusaga mimi."

Mgeni akamtazama sana. "Hukusaga kitu, mama." Akatoa mkobani nakala ya kaboni. "Marehemu alipiga taipu mwenyewe. Alipofika hapa uchungu ukamshika, akaenda kunizaa mimi. Aliporudi akaruka namba. Tazama."

Ilikuwa kweli: 111, 113.

"Mimi nimekuja kuuliza, huo wa 112 wanaounukuu wasomi, nyie mmeutoa wapi?"

Mama Kurasa akamsogezea kadi. Binti akaisoma kimoyomoyo. Sentensi zilipoisha yeye hakuishia hapo, akaendelea kwa sauti: "Mtoto aliyeimbiwa kabla hajazaliwa, hata akipotea, ataujua mlango wa kwao."

"Hiyo haimo," Mama Kurasa akasema.

"Haya yote mama alikuwa akiniambia jikoni, akinisuka. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Hakuyaandika popote."

Feni iliendelea kuzunguka. Kwenye kompyuta, hesabu ya wasomaji wa tasnifu ile ikaongezeka mmoja.

Miaka kumi na moja Mama Kurasa alikuwa akiomba usiku na mchana aambiwe kwamba kosa si lake. Sasa ameambiwa, na alitamani sana lingekuwa lake.