Mende Jikoni, Mchwa Chini ya Kitanda

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya usafi wa mji, hapa Élisabethville, nilipanda juu ya meza ya jikoni kwa Mzungu, mimi niliyesoma kwa mapadri mpaka sekondari, kwa sababu mende alinipanda mguuni. Chef, yaani mkubwa wetu wa usafi, alicheka mpaka kofia ikaanguka.

— Shuka, monsieur! Hii haina meno ya kukula weye. Ogopa ndugu yake.

Ndugu yake ni mchwa. Chef alinifundisha kwamba ni ukoo mmoja. Mende mwekundu anaishi ovyo, kila mmoja na tumbo lake; anabeba kifuko cha mayai kama punje ya haragwe, na akiona taa anakimbia. Mchwa wa vichuguu ana malkia, ana askari, ana wafanyakazi wanaopita ndani ya vijia vya udongo. Mende anaiba mkate. Mchwa anakula mlango, anakuachia rangi.

Lakini mabibi wa Kizungu walipigia mende kelele, basi dawa yetu ilikuwa ya mende, tena ya mjini kwao tu.

Kiwanja nilichopewa cité, mtaa wetu Waafrika, kilikuwa na kichuguu. Nikakikata, nikafyatua matofali kama kila mtu, udongo ule unashika vizuri, nikajenga palepale. Nyumba nzuri! Sikutaka kutoka. Chef wa pili, aliyekuja baada ya yule, aliponiita niwe capita, mkubwa wa kikosi, kule Pweto, mbali na mji, niliuliza:

— Na nyumba yangu, chef?

— Nyumba haiko na miguu!

Nikakataa. Mke wangu akasema:

— Baba Jeanne, weye ulioa nyumba. Miye niko mupangaji tu.

Mvua moja mwimo wa mlango ukamwagika unga mikononi mwangu. Nikagonga boriti: zote tupu. Malkia alikuwa angali hai chini ya chumba chetu. Nikamwomba chef wa tatu dawa.

— Ya cité hakuna. Vunja chumba, chimba, umutoe.

— Tutalala wapi, chef?

— Ni weye ulijenga juu yake, vieux, mzee wangu.

Sikuvunja. Kila jioni niliketi humo nikisikiliza mchwa wakila. Paa lilianguka mwaka wa pensheni yangu.

Sasa ninakaa katika chumba kwa binti yangu Jeanne. Wajukuu wananiuliza nilifanya kazi gani. Ninawajibu: nililinda nyumba. Hawaulizi za nani.