Mikono ya Gauni la Bibi Harusi

Mimi ni fundi viatu, na jirani yangu ni fundi cherehani. Kati yetu kuna ubao mwembamba tu, kwa hiyo simu yake ikilia, mimi ndiye ninayeshtuka. Na ilikuwa hailali. Ukoo wake una kundi la simu, watu wazima na akili zao, lakini tangu asubuhi ni dua, vichekesho, na mjomba mmoja anayetuma sauti ndefu kama hotuba. Asiyejibu huambiwa anaringa. Basi jirani akajifunza ujanja: kila kinachoingia anakipachika alama ya moyo. Hasomi. Ilinikera, ingawa simu si yangu.

Juzi alikuwa anakata gauni la harusi la binti wa kaka yake. Alikuwa amemaliza mkono mmoja simu ikalia. Akapachika moyo, akarudi kwenye mkasi bila kugeuza karatasi ya kipimo. Akatoa mikono miwili, yote ya kushoto.

"Jirani, nimekwisha! Zimebaki siku tatu tu harusi!"

"Mshika mawili," nikaanza.

"Usinimalizie!"

Alizunguka maduka mpaka akapata kipande cha satini kinachofanana. Aliporudi akanikabidhi simu. "Kaa nayo, baba. Hata nikikulilia, usinipe."

Niliitumbukiza ndani ya buti la mteja. Ikatetemeka humo mpaka buti likatembea mezani. Nilitamani kulipigilia msumari. Lakini upande wa pili cherehani iliimba bila kukatika, na jana jioni mikono ilikaa begani vizuri ajabu. Jirani alicheka peke yake. Nilifurahi kumsikia.

Leo asubuhi bibi harusi akaja, akavaa, akajitazama kwenye kioo.

"Shangazi, mbona limewekwa mikono?"

"Gauni lisiwe na mikono?"

"Si nilikwambia usiiweke? Niliandika kwenye kundi. Na wewe ukapenda!"

Niliitoa simu kwenye buti. Binti akapekua, akapita dua, akapita vichekesho, akapita hotuba zote za mjomba. Akamwonyesha: *Shangazi fundi, nimebadili mawazo, gauni lisiwe na mikono tafadhali.* Chini yake moyo mwekundu, wa jirani yangu. Ulikuwa ujumbe wa juzi, ule ule uliomfanya akate mkono wa pili vibaya.

Nilitaka kumgombeza mtu, sikujua nimgombeze nani. Mambo ya kazi na upuuzi wa ukoo vinaingilia mlango mmoja, halafu mtu aambiwe atulize akili!

Binti akalivua gauni, jirani akalipokea. Alililaza mapajani, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja, polepole, maana satini ikivutwa huacha matundu. Harusi ni kesho. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko yasidondokee kitambaa.

Simu ikalia mkononi mwa binti. Jirani hakuinua kichwa.

"Isome," alisema. "Isome yote, kwa sauti."