Nilivyotafuta namna ya kuondoa ukakasi kwenye maji ya mabibo, baba mkwe akiwa hali wala hanywi

Wakuu, poleni na joto.

Nipo Kibiti, fundi cherehani wa nguo za kike. Siku zote humu mimi ni wa kusoma na kupita, leo nimeona nianzishe uzi wangu mwenyewe. Ninayosimulia yametokea nyumbani kwangu, msimu wa mabibo uliopita. Nikiongeza chumvi, basi ni kwenye kachumbari tu.

Kwa wasioishi kwenye korosho: bibo ni lile tunda lenyewe, jekundu au la njano, ambalo korosho inaning'inia chini yake. Huku kwetu watu wanaokota korosho, bibo wanawaachia mbuzi. Tamu, maji tele, lakini lina ukakasi, ukilimeza koo linakaza kama umekula ndizi mbichi.

Na wapo wanaolichachusha wakapata pombe. Hilo ndilo lililotaka kunivunjia heshima, nitafika huko.

Iko hivi.

Baba mkwe wangu ni mtu wa kijiji cha Mkongo, mkulima wa mpunga, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa muadhini wa msikiti wa kijijini kwao. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Mume wangu akasema mzee akauguzie kwetu, maana sisi tuko karibu na hospitali.

Kidonda kilipona vizuri, alhamdulillahi. Kilichotushinda ni joto.

Mnalijua joto la kabla ya vuli. Bati linalialia mchana kutwa, hata kuku wanatembea midomo wazi. Mzee akaacha kula. Nikipika wali na kuku wa nazi, anaomba radhi. Ugali na kisamvu, hivyohivyo. Maji yenyewe anayatazama tu kikombeni.

"Mama Zuhura, usidhani chakula chako kibaya," akaniambia siku moja, akijigusa koo. "Kikifika hapa kinakataa kushuka."

Ikafika siku akainuka kwenda kutawadha, miguu ikamwisha nguvu. Tukamkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu. Daktari akatuambia wazi: dripu si chakula. Mtafutieni vitu vyepesi, vya baridi, anavyovipenda mwenyewe, anywe kidogo kidogo kutwa nzima. Vinginevyo mtamrudisha hapa amebebwa.

Wakuu, niliporudi nyumbani nilikaa kwenye cherehani nisishone kitu. Mzee huyu ndiye aliyenipokea nilipoolewa, hajawahi kuniita hata mara moja kwa sauti ya juu. Nikaanza kutafuta.

Nikamtengenezea ukwaju, akasema unamuunguza tumbo. Madafu alikunywa siku ya kwanza, ya pili yakamkinai. Tikiti alikula vipande viwili akarudisha sahani. Nikakata embe bichi nyembamba nyembamba, nikatia chumvi, ndimu na pilipili kidogo. Akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Hii si ya wajawazito?"

Nikacheka mpaka nikaondoka, maana si adabu kumchekea mkwe usoni.

Basi asubuhi moja nimemtandikia mkeka barazani, upepo ukatuletea harufu kutoka kwenye mikorosho ya nyuma. Mzee akainua kichwa.

"Mabibo yameanza kudondoka?"

"Yameanza, baba."

Kisha akaanza kusimulia, na hakuwa mtu wa maneno mengi tangu alazwe. Akasema utotoni mwao, wakitoka kusafisha mashamba kungojea mvua, mama yake alikuwa akiwapa maji ya mabibo. Yamepoa kwenye mtungi, meupe kama ya kisima, matamu, na hayana ukakasi hata chembe.

"Hayana ukakasi kabisa? Alikuwa anafanyaje?"

"Alikuwa anatia kitu cheupe."

"Kitu gani, baba?"

"Nitajuaje, mwanangu? Mimi nilikuwa nangoja kikombe."

Hapo ndipo akili yangu iliposimama. Kitu cheupe! Mimi nimezaliwa Ikwiriri, mabibo nimeyala tangu sina meno, na sijawahi kusikia kuna kitu cheupe cha kuondoa ukakasi. Nguo za wateja zikalala.

Jaribio la kwanza, chumvi. Niliyaloweka mabibo kwenye maji ya chumvi, nikakamua. Ukakasi ulipungua, haukwisha.

La pili, nikayachemsha. Ukakasi ulipungua zaidi, lakini na utamu ukaenda nao. Ikabaki ladha ya kitu kilichosahaulika jikoni.

La tatu, nikasema cheupe chetu sisi watu wa pwani ni kipi kama si tui? Nikatia tui la nazi. Wakuu, msijaribu. Liligandamana, likaelea juu kama sabuni. Mume wangu akachungulia sufuriani akauliza kama nafua.

Nikajaribu hadi maji ya kuoshea mihogo. Ajabu, hayo yalisaidia kidogo, ila yaliacha harufu ya muhogo. Nikajua niko karibu, sijui karibu na nini.

Mzee naye kumbe ananifuatilia. Kila nikimletea kijiko cha kuonja anafumba macho, anatikisa kichwa. "Siyo." Lakini anaonja! Mtu ambaye wiki iliyotangulia hata maji yalimshinda.

Mwisho akasema, "Mpigie Mwajuma." Huyo ni dada yake wa mwisho, yuko Ngorongo, kikongwe lakini masikio yanasikia. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje ili na mzee asikie.

Nikamweleza shangazi mpaka nilipofika kwenye tui.

"Tui?" akapiga kelele. "Nani kakutuma tui? Uji, mwanangu! Uji mwepesi wa chenga!"

Mzee akajipiga paja. "Uji! Uji wa chenga! Si nilisema cheupe?"

"Wewe ulikuwa mlafi tu," shangazi akamjibu huko huko kwenye simu. "Kazi ya kukamua niliifanya mimi."

Mzee alicheka mpaka akashika kovu lake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aje.

Sasa wakuu, inafanywa hivi, na ni kazi nyepesi kuliko chapati.

Okota mabibo yaliyodondoka asubuhi ileile, ambayo hayakupondeka. Ng'oa korosho, yaoshe, kata ncha zote mbili, yakamue kwenye kitambaa safi. Vaa kanga kuukuu, doa la bibo halitoki, mimi nimeshapoteza kanga nzuri. Pembeni uwe umepika uji mwepesi sana wa chenga za mchele, hauna chumvi wala sukari, umeuchuja na umepoa kabisa. Mimina uji kidogo kidogo kwenye maji ya mabibo huku unakoroga. Halafu yaache yatulie.

Hapo ndipo pazuri pa kutazama. Yanatokea mabonge mabonge kama maziwa yaliyokatika, yanashuka chini polepole, juu panabaki maji maangavu. Ukakasi wote umekwenda chini na uji. Unayamimina ya juu taratibu kupitia kitambaa, unatia ndimu, chembe ya chumvi, sukari ukipenda. Weka kwenye friji, umeme ukikatika weka mtungini.

Siku hiyo nilikaa chini nikatazama yale mabonge yanavyoshuka kama mtu anayeangalia mpira.

Nikampelekea mzee kikombe. Akasema bismillah, akanywa funda moja. Akakaa. Akanywa chote.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Akanyoosha kikombe niongeze.

Kuanzia hapo koo likafunguka. Nikaanza kumpa na vyakula vyepesi: tango na nyanya za ndimu, samaki wa mtoni chukuchuku, yaani mchuzi wa maji tu, hauna mafuta wala nazi, ndimu nyingi, unaliwa ukiwa umepoa. Jamaa mmoja akituletea kamba kutoka Maparoni, nawachemsha kidogo, nawamenya, nawachanganya na embe bichi na kitunguu. Ile embe ya wajawazito sasa akawa anaiulizia mwenyewe.

Ningeishia hapa uzi ungekuwa mtamu, lakini niliahidi ukweli.

Kwa tamaa ya kuwa na akiba nikajaza maji ya mabibo kwenye chupa ya plastiki, nikafunga kifuniko. Umeme ukakatika usiku kucha. Asubuhi nafungua, kifuniko kikaruka, povu likamwagika mpaka mezani. Na ile harufu! Anayeijua hahitaji kuambiwa.

Nikaenda kuyamwaga nyuma ya uzio. Mama Shamte, jirani yangu, ndiyo kwanza anapita na ndoo kichwani. Akasimama, akavuta pumzi, akaniangalia. Akaenda zake.

Baada ya siku chache mume wangu akarudi kutoka msikitini amekunja uso.

"Mke wangu, mtaani wanasema nyumba anamouguzwa muadhini kunapikwa pombe. Kwamba ndiyo maana mzee amechangamka."

Na kibaya zaidi, mzee alikuwa chumba cha pili, amesikia yote.

Mchana nikampelekea kikombe chake. Akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini.

"Mwanangu, mimi najua ulichotia humu. Lakini mdomo huu ndio uliokuwa unawaita watu kwenye swala. Siwezi kuunywesha kitu ambacho watu wanakitilia shaka."

Sikumbishia. Ila siku hiyo hakunywa, na iliyofuata akarudisha sahani ya samaki kama ilivyokwenda. Joto liko palepale. Nikaona dripu inarudi.

Nilitamani kwenda kwa mama Shamte nikamwage maneno. Nikavaa ushungi, nikatoka kwa kishindo kabisa. Nilipofika mlangoni kwake nikamkuta anachambua mchele, mtu mzima amechoka, hasira ikanipungua. Nikapiga hodi kama kawaida.

"Dada, ulichosikia harufu yake ni kweli kilikuwa kimechacha. Ndiyo maana nilikimwaga."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Kaka yangu alianza hivyo hivyo. Maji ya mabibo tu, dada, maji ya mabibo. Ikawa pombe, tukamzika akiwa bado kijana. Harufu ile nikiisikia, mama Zuhura, namwona yeye. Sikusema ili nikuharibie. Nilisema kwa hofu."

Nikaketi, nikamsaidia kuchambua.

Nikamwambia, "Basi njoo kesho asubuhi ukamue wewe. Uokote mwenyewe, uji upike mwenyewe. Mimi nitakaa pembeni. Ukiona kibaya, waambie watu wote."

Sikutegemea aje. Alikuja, na wenzake wawili, na kitambaa chake cha kuchujia. Hakunipa hata salamu ndefu. Akaokota, akaosha, akakamua. Uji akaupika kwenye jiko langu. Yale mabonge yalipoanza kushuka wote wanne tukainamia sufuria. Mmoja akanong'ona, "Subhanallah, tazama."

Maji yalipoangaa mama Shamte akachota kijiko. Akakishika muda mrefu kabla ya kukitia mdomoni.

Akameza. Akafikiri.

"Hayana kitu," akasema. "Ni maji ya tunda tu."

Kisha akachukua kikombe, akajaza, akakipeleka barazani yeye mwenyewe. Sisi tukabaki mlangoni. Akapiga goti mbele ya mzee.

"Shikamoo baba. Nimekamua mimi, kwa mikono yangu. Kunywa, na mimi nitawaambia watu nilichokiona."

Mzee alimtazama. Akamuuliza jina la marehemu kaka yake, sijui aliambiwa na nani. Akamwombea dua pale pale, sote tukaitikia amina. Ndipo akanywa, mpaka tone la mwisho.

Akafuta midomo, akageukia mlangoni. "Mama Zuhura, jikoni hamna hata kipande cha samaki?"

Mzee alituwekea sharti moja tangu siku hiyo: yanakamuliwa asubuhi, yanaisha kabla ya jua kuzama, hakuna kulaza. Tukalifuata. Mvua zilipoanza na joto kushuka, aliondoka kurudi Mkongo, akapanda gari kwa miguu yake mwenyewe, akaniagiza nimpe salamu mama Shamte.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mgonjwa aliyekataa chakula, nilikosea kumuuliza kila siku "utakula nini?" Hajui, na swali lenyewe linamchosha. Muulize alikula nini joto likiwaka akiwa mtoto, na nani alimpa. Na jirani akisema jambo baya juu yako, kabla ya kumjibu, nenda ukajue anaogopa nini.

Nawakaribisha. Wa Tanga, Lindi, Unguja, Kyela, popote mlipo: kwenu joto likizidi, bibi zenu walikuwa wanawapa nini cha kupoza koo? Semeni na namna ya kutengeneza, hata kama mnakumbuka nusu tu. Nusu nyingine tutawapigia mashangazi.