Fundi Lorna na mauti yaliyovishwa stokingi

ERIE, Pennsylvania. Lorna Sobczak amelala kifudifudi nyuma ya mashine ya kukaushia nguo. Kinachoonekana ni soli za buti zake tu. Kutoka ukutani anavuta kitu cha kijivu, kirefu, chenye manyoya, na kadiri anavyovuta ndivyo kinavyozidi kuja.

"Mungu wangu, ni paka?" anauliza mwenye nyumba, mkono kifuani.

"Paka gani, mama? Hizi ni taulo zako," Lorna anajibu kutoka huko chini. "Umezikausha miaka yote hii, na kila siku zimekuachia nyuzi kidogo."

Anatoka nje na kitonge chake, anakiweka juu ya theluji, anakiwashia kiberiti. Fuu! Mwali unaruka kama wa petroli. Mwenye nyumba anarudi nyuma mpaka anagonga mlango.

"Hicho ndicho ulikuwa unalala nacho," Lorna anamwambia, akijifuta pua.

Kazi ya Lorna, mwenye umri wa miaka 54, ni kusafisha mabomba yanayotoa hewa ya moto kwenye mashine za kukaushia nguo na kuipeleka nje ya ukuta. Zamani aliendesha basi la shule mpaka mgongo ukakataa. Alinunua brashi ndefu, drili na mashine ya kufyonza vumbi kwa fundi aliyekuwa anastaafu. Nyumba moja anatoza dola 130. Majira ya baridi hapumziki. Kiangazi, anasema, simu yake hulia mama yake anapopiga tu.

Ndani ya mabomba amekuta viota vya ndege, meno ya bandia, na nyoka aliyejikunja akiota joto. Mara moja, anaapa, alikuta panya aliyejitandikia kitanda chenye mto. Ukimkatalia, anaongeza foronya.

Lakini ipo nyumba moja ambayo akiisimulia haongezi kitu. Hata sauti inashuka.

Ni ya Orville Haas, mzee wa miaka 81 anayeishi peke yake tangu mkewe, Bernadine, afariki. Binti yake, Janine, alikuwa ameshampatia nyumba hiyo mnunuzi. Jumatatu karatasi zingesainiwa, na jioni yake mzee angepelekwa makao ya wazee. Tangu Novemba akili ilikuwa inamtoka. Alisahau, alisinzia mezani, aliita watu kwa majina ya marehemu. Kila mtu alisema ni uzee.

Mnunuzi alitaka bomba lisafishwe kwanza. Ndipo Lorna akaitwa.

Orville alimpokea mlangoni akiwa na soksi mguu mmoja.

"Wewe ndiye unakuja kuichokoa pua nyumba yangu?"

"Ndiye mimi, Bwana Haas. Ikipiga chafya usishangae."

"Ingia, Bernadine. Umechelewa sana kurudi."

Janine alimvuta Lorna pembeni. "Msamehe baba. Ndiyo hali yake siku hizi. Na mimi nikikaa humu saa mbili tu kichwa kinapasuka. Nadhani ni huzuni."

Lorna huanzia kazi nje. Alimwomba Janine aiwashe mashine iliyo chumba cha chini ya nyumba, kisha akazunguka ukuta akitafuta tundu la bomba.

"Kwa baridi yetu hii, bomba likipumua, theluji iliyo mbele yake huyeyuka, panabaki kipara," anaeleza. "Kwa Orville hapakuwa na kipara. Theluji imekaa imetulia kama keki ya harusi. Na mashine naisikia inanguruma! Nikajiuliza, sasa huyu anapumulia wapi?"

Alishuka chini mbio.

Alikuta kiti cha mzee kimesogezwa karibu kabisa na mashine, blanketi limekunjwa juu yake, televisheni mbele. Bomba lilikuwa limechomolewa ukutani. Mdomo wake ulielekezwa kwenye kiti, umefungwa kwa stokingi ndefu ya kike, rangi ya chai ya maziwa, iliyovimba kwa manyoya ya nguo kama mguu wa mtu mnene. Ilikuwa inapanda na kushuka.

"Niliona mguu unapumua," Lorna anasema. "Nikasimama kama mjinga."

Orville alikuwa ameshuka nyuma yake, anatabasamu kwa fahari.

"Umeiona akili hiyo? Joto nimelilipia mwenyewe, halafu nilitoe nje liwapashe kindi? Nimefanya hivi tangu ujana wangu. Stokingi inakamata manyoya, joto linabaki ndani. Hiyo ni ya Bernadine."

"Bwana Haas, mashine hii ni ya umeme?"

"Ile ya zamani ndiyo ilikuwa ya umeme. Hii ni ya gesi. Zawadi."

"Zawadi ya nani?"

"Yangu," alisema Janine kutoka kwenye ngazi. "Nilimnunulia Oktoba, siku yake ya kuzaliwa. Mafundi waliifunga vizuri, bomba likatoka nje. Baba, umefanya nini?"

Mashine ya gesi inachoma moto ndani yake. Moshi wake ukizibwa, hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Mzee alikuwa akiivuta kila jioni, amejifunika blanketi, anatazama mpira.

Lorna aliizima mashine. "Nje! Wote nje, sasa hivi!"

"Sijavaa viatu," alisema Orville.

Hapo simulizi zinagawanyika. Lorna anasema alimbeba mzee begani. Janine anasema alimburuta kama godoro. Orville anashikilia kwamba alitoka kwa miguu yake mwenyewe, tena akawafungulia mlango wanawake.

"Na kengele ya tahadhari ya gesi iko wapi?" Lorna aliuliza wakiwa barazani, wanatetemeka.

"Ilikuwa inapiga kelele usiku kucha, kama mtoto wa jirani. Nikaitoa betri, nikaziweka kwenye rimoti."

Zimamoto walifika, wakapima hewa, wakatazamana. Mmoja wao alimwambia Janine kwamba siku mbili tatu zaidi wangeitwa kuja kubeba, si kupima.

Hospitali walimvisha Orville kifaa cha oksijeni. Janine alikaa kwenye korido, koti bado mwilini. "Nilikuwa namuua baba yangu kwa zawadi," alimwambia Lorna. "Halafu namfukuza nyumbani kwake kwa sababu anakufa."

Siku chache baadaye mzee aliamka, akaitazama sahani, akauliza nani amempikia yai baya namna hiyo. Alimwita Janine kwa jina lake. Akamwita na Lorna kwa jina lake, akaongeza, "Wewe si Bernadine. Bernadine alikuwa na miguu mizuri."

Nyumba haikuuzwa.

Ilikuwa siku hiyohiyo, wanawake wawili wanacheka na kulia kwa pamoja, Orville akaisukuma sahani pembeni. Uso ukampauka.

"Stokingi zake zilikuwa droo nzima," alisema. "Nimezigawa."

Alikuwa amezigawa kwa wazee wenzake wa pale mgahawani wanapokula chapati za maji na shira kila Ijumaa. Aliwafundisha na namna ya kuzifunga. Lorna hakusubiri amalize. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na kwa Gus Lindqvist, ambaye wenzake walishasema uzee nao umemfikia, alimkuta kitini mbele ya mashine yake ya gesi, macho wazi, hawezi kusimama. Gus leo anatembea. Anatukana pia.

Stokingi zote zimerudi, isipokuwa jozi moja.

"Nakumbuka nikimpa mtu," anasema Orville. "Nakumbuka mkono wenye glavu. Nakumbuka nimeambiwa asante. Uso siuoni. Ile gesi imekula uso."

Ndiyo maana Lorna hachukui kazi tena Jumamosi. Siku hiyo ni ya milango, bila malipo, yeye na Orville, mtaa baada ya mtaa. Mpango wake ni kuimaliza mitaa yote ya upande huu wa Ziwa Erie kabla baridi haijaongezeka. "Mtu huyo yupo," anasema. "Leo jioni atakausha nguo. Nataka nifike kabla hajaiwasha mashine."

Jumamosi hii wanagonga nyumba ya matofali yenye reli ya kijani. Mama mmoja anafungua, unga mikononi.

Orville anavua kofia. "Samahani, mama. Hatujuani, au labda tunajuana. Mimi niliwahi kukupa stokingi za mke wangu, uvishe bomba la mashine? Kama ndiyo, zima mashine kwanza, kisha unitukane."

Mama anamtazama. Anamtazama Lorna na brashi yake.

Kisha anageuka ndani na kupiga ukelele:

"Howard! Toka huko chini! Howard!"

Lorna ameshampita mlangoni.